Kati ya shahada na muhuri: Injinia wa Kilimarondo aanzie wapi?

Nachingwea kuna kata inaitwa Stesheni. Treni hakuna. Ilikuwapo zamani: reli iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ilifika hapa mwaka 1949, ikaunganishwa na bandari ya Mtwara, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Mradi wenyewe ulishakufa tangu 1951, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza.

Watu wa huku walifanya kazi katika mradi ule. Walifyeka pori, walibeba mataruma, na baadhi yao walifundishwa kuendesha matrekta na kufungua injini. Lakini mchoro wa reli, hesabu za madaraja, uamuzi wa wapi tuta lipite na wapi lisipite, hayo yote yalikuja na wageni, na wageni walipoondoka waliondoka nayo. Tulibaki na bandari ya Mtwara, uwanja wa ndege, mafundi wachache wa mitambo na jina la kata.

Habari hiyo ya kale ingebaki kuwa ya kale kama isingekuwa inajirudia. Gesi ya Songo Songo ilianza kutumika mwaka 2004. Bomba kubwa kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam likazinduliwa 2015. Kinywe kinachimbwa Matambalale, Ruangwa, ambako mgodi wa Lindi Jumbo ulisanifiwa kutoa tani 40,000 kwa mwaka, na Chilalo nako kuna akiba yake. Nikeli ya Ntaka, hapa hapa Nachingwea, ilifutiwa leseni mwaka 2018 na mgogoro ukaenda kuamuliwa kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mradi wa kusindika gesi Likong'o umezungumzwa kwa miaka mingi, na reli mpya ya Mtwara hadi Mbamba Bay imo kwenye mipango. Ukichora duara kuzunguka Nachingwea na Ruangwa, ndani yake kuna kazi za kihandisi za kutosha kizazi kizima. Kijana wa Kilimarondo mwenye shahada ya uhandisi ataingiaje ndani ya duara hilo akiwa ameshika mchoro, na si panga la kufyekea?

Kilimarondo ni kata ya upande wa magharibi wa wilaya ya Nachingwea. Wanalima korosho na ufuta, wanauza kwa minada kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake ni Ruangwa, Nachingwea na Liwale zilizofungwa pamoja. Fedha huingia kwa misimu: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Ukitaka kujua mtoto wa huku ataripoti lini shuleni au chuoni, tazama kwanza malipo ya mnada yametoka lini.

Watoto wa huku wanamjua mwalimu, wanamjua muuguzi, wanamjua mwanajeshi na bwana shamba. Kusini imetoa Rais, Benjamin Mkapa wa Lupaso, aliyekuwa mwandishi wa habari. Imetoa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa wa Ruangwa, aliyekuwa mwalimu. Injinia kwao ni mtu anayepita na gari lenye nembo ya mradi, kioo kimepandishwa, vumbi linabaki nyuma. Hakuna mjomba injinia wa kuulizwa, baada ya matokeo ya kidato cha nne, kama PCM, yaani mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, inalipa au ni kujitesa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema njia imezibwa tangu chini. Imekuwa ngumu, lakini imefunguliwa kidogo kidogo. Ada za kidato cha kwanza hadi cha nne ziliondolewa Januari 2016, na za kidato cha tano na sita zikafuata mwaka 2022. Kwa mradi wa SEQUIP serikali imejenga sekondari ya sayansi ya wasichana kwa kila mkoa. Mwanafunzi mwenye kichwa cha hesabu anaweza kupangiwa Ufundi Mtwara au Ndanda, akalala bwenini na kusahau habari ya kutembea maili kadhaa. Vikwazo vya shule ya kata tunavijua: fizikia isiyo na mwalimu, maabara yenye funguo nyingi kuliko vifaa, na kuhama ghafla kutoka Kiswahili cha darasa la saba kwenda Kiingereza cha kidato cha kwanza. Kitaifa, kwa miaka mingi wanaofaulu Hisabati kidato cha nne wamekuwa karibu robo ya watahiniwa au chini yake. Aliyetoka Kilimarondo na kufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT au MUST Mbeya kusomea uhandisi ameshachujwa kwa chekeche ambalo watoto wa mjini hawalijui.

Chuoni nako kuna wa kumshika mkono. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hulipa ada na fedha za kujikimu, zile wanafunzi wanazoziita boom, na hutoa pia fedha za mafunzo kwa vitendo, yaani PT. Miaka minne inapita hivyo. Siku ya mahafali wazazi wanashona sare, wanakodi gari kutoka Mbagala, wanapiga picha. Kijijini habari inafika kabla ya picha: fulani ni injinia. Mwezi unaofuata tayari kuna anayempigia simu kuuliza lini ataleta daraja.

Kisheria, huyo bado hajawa injinia wa kuleta daraja. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, mwenye shahada husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama mhandisi mhitimu. Ili awe mhandisi mtaalamu, mwenye muhuri wake na haki ya kuidhinisha michoro, sharti afanye kazi chini ya uangalizi wa mhandisi aliyesajiliwa, aandike ripoti, zisainiwe, kisha akasailiwe. Mpango rasmi wa mafunzo hayo, unaojulikana kwa kifupi chake cha SEAP, ni wa miaka mitatu na ulianza mwaka 2003.

Kwa nini 2003? Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kwa miaka mingi kabla ya hapo hapakuwa na haja kubwa ya mpango kama huo, maana serikali ndiyo ilikuwa mwajiri na mlezi. Wahandisi wa kwanza wa Tanganyika huru walikwenda kusomea Nairobi, kwa sababu katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki uhandisi ulikuwa huko, tiba Makerere na sheria Dar es Salaam. Kitivo chetu wenyewe cha uhandisi kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mhitimu wa enzi zile alipangiwa kazi: Ujenzi, Maji, TANESCO, kiwandani. Alipewa nyumba au chumba, akawekwa chini ya injinia mkubwa, akafinyangwa. Mtoto wa mkulima wa Nachingwea na mtoto wa karani wa Upanga walianzia mstari mmoja, kwa sababu barua ya kupangiwa haikuuliza baba yako anamjua nani.

Miaka ya 1990 serikali ikasimamisha ajira, mashirika ya umma yakabinafsishwa au kufa, na mlezi akatoweka. Vyuo viliendelea kutoa wahandisi, na wengi wao hawakuwa na mahali pa kuiva. SEAP ilikuja kuziba pengo hilo, na imesaidia. Lakini mpango unaweza kukupa utaratibu, daftari la kumbukumbu na msimamizi, halafu ukose jambo moja: chakula cha usiku na kodi ya chumba kwa miezi 36. Wapo wanaopata posho kupitia wafadhili au waajiri, na wapo wengi wanaopokelewa kwa sharti la kujitegemea.

Kwa kijana ambaye kwao ni Mbezi au Kijitonyama, kujitegemea maana yake ni kurudi nyumbani jioni. Analala chumba kile kile alicholala akiwa sekondari, nauli anapewa na mama. Kijana wa Kilimarondo hufikia Mbagala kwa ndugu, kama watu wengi wa Kusini, katika chumba ambacho tayari kina watoto wanne. Mwezi wa kwanza ni mgeni. Wa tatu ni mzigo. Wa sita ameanza kuuza vocha, au kuendesha bodaboda ya mtu, na daftari la SEAP liko chini ya godoro. Hatapungukiwa akili wala bidii. Atapungukiwa muda, kwa sababu muda una bei na hakuna aliyeulipia.

Pale nyumbani nako ufuta uleule uliomsomesha sasa unamngoja mdogo wake. Baba hawezi kueleweshwa kirahisi kwamba mtu mwenye digrii, aliyevaa joho, anaomba kulelewa miaka mingine mitatu. Ukimwambia ni usajili, atakuuliza ulikuwa unasoma nini muda wote huo. Na mimi nadhani ana haki ya kuuliza.

Tuseme kijana huyo amepata nafasi kwenye saiti ya ujenzi wa kalavati. Asubuhi inamwagwa zege la msingi. Msimamizi anamwita apime slampu: koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300 inawekwa juu ya bamba, zege linajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linachomwa kwa nondo mara 25, juu panasawazishwa, kisha koni inanyanyuliwa taratibu bila kutikisa. Zege linashuka. Anapima limeshuka kiasi gani na kuandika. Halafu anajaza kyubu za milimita 150, anaziandika tarehe, na siku ya 7 na ya 28 zitapelekwa kupasuliwa kwenye mashine ya maabara. Darasani aliyasoma yote haya na akapata alama. Hapa anajifunza lisiloandikwa: kwamba fundi akiona zege ni zito ataongeza maji ukigeuka mgongo, kwamba kyubu nzuri inaweza kutengenezwa kwa zege jingine kabisa, kwamba kumwambia mkandarasi mwenye umri wa baba yako "hili sipokei" kunahitaji sauti ambayo chuo hakifundishi. Jioni anaandika ukurasa mmoja kwenye daftari. Ukurasa huo, ukisainiwa, ni kipande kidogo cha muhuri wake. Usiposainiwa na mhandisi aliyesajiliwa, ni barua aliyojiandikia mwenyewe.

Kwa hiyo mhitimu anayeniuliza atafute nini kwanza, nitamwambia asianze na mshahara wala jina la kampuni. Aulize: nani hapa atasaini? Kuna ofisi nyingi zenye kazi nzuri na mhandisi mtaalamu hayupo, au yupo Dar es Salaam na hafiki. Miaka miwili ya jasho mahali kama hapo inaweza isihesabiwe.

Neno koneksheni limekuwa tusi siku hizi, ila tusilitumie ovyo. Mara nyingi hakuna rushwa yoyote iliyotendeka. Mtoto wa mjini anapata nafasi ya PT, kisha ya SEAP, kwa sababu shangazi alimpigia simu mtu aliyesoma naye, na mtu huyo akasema mlete Jumatatu. Ni wema wa kawaida wa watu wanaofahamiana. Tatizo ni kwamba wema huo una ramani, na ramani hiyo inaishia mto Rufiji. Daraja la Mkapa juu ya mto huo lilifunguliwa mwaka 2003, mwaka uleule wa SEAP. Magari yalianza kuvuka bila pantoni, lakini simu za namna hii bado hazivuki sana.

Kwa binti mambo yanaongezeka. Atalala wapi saiti ikiwa porini? Choo kiko wapi? Nani atamwamini akisema nondo hazitoshi? Hili lilikwisha kuonekana na watu wenye mamlaka, na uzoefu wake ndio unaonipa matumaini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuanzisha mafunzo maalumu ya kuwaandaa wasichana kabla ya kuingia uhandisi. ERB nayo, kuanzia 2010, ilipata msaada wa Norway kuwagharamia wahandisi wanawake wahitimu wapite SEAP. Nafasi za jumla zilikuwapo tayari. Kilichoongezwa ni fedha zilizotajwa kwamba ni za wanawake, na wanawake wakaingia. Kundi lililoachwa nyuma likiwekewa fedha zenye jina lake, hufika. Kwa nini tusifanye hivyo kwa wilaya?

Kabla ya kugeukia fedha, nina ushauri ambao najua wahitimu wengi hawataupenda: rudini nyumbani mapema. Ofisi zilizopo wilayani si haba. TARURA, iliyoanzishwa 2017, ina barabara za vijijini, drifti na makalavati yanayosombwa kila masika. RUWASA, iliyoanza 2019, ina visima, matangi na mabomba. TANROADS ina barabara za mkoa. Mvua zikishika, mtu anayetaka kuelewa maji yanavyofanya kazi chini ya barabara ya udongo hahitaji kwenda mbali. Akatazame mito ya mchanga ya bonde la Mbwemkuru inavyojaa kwa saa chache na kukauka. Mhitimu atalala kwa ndugu mjini Nachingwea, atakula ugali wa kwao, na gharama itakuwa sehemu ndogo ya ile ya Mbagala. Kwenye ofisi ndogo atashikishwa kazi mapema: kupima, kukadiria gharama, kukagua, kuandika cheti cha malipo. Mwenzake kwenye kampuni kubwa ya Dar es Salaam huenda akamaliza mwaka akifungua faili moja la kompyuta.

Ushauri huo una matundu, na nayaona. Ofisi za wilaya zina watumishi wachache na bajeti ya kubana. Msimamizi mwenye usajili anaweza kuhamishwa katikati ya mafunzo. Hakuna ghorofa ndefu wala kiwanda cha kujifunzia. Mhandisi wa umeme au wa madini hatafaidika sana na drifti. Ndiyo maana naitaja na Ruangwa. Migodi ya kinywe ina mitambo ya kusaga na kutenganisha madini kwa kuelea, ina umeme mkubwa, mabwawa ya mabaki, barabara na maabara. Fani karibu zote za uhandisi zipo ndani ya uzio mmoja, safari ya saa chache kutoka Kilimarondo.

Sheria nayo ipo. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinamtaka mwenye leseni awasilishe mpango wa ajira na mafunzo kwa Watanzania. Mtanzania, bila shaka, ni pamoja na yule wa Mbezi mwenye shangazi. Kanuni haimzuii, na haistahili kumzuia. Lakini ipo sheria nyingine ambayo kwa maoni yangu halmashauri zetu zinaitumia chini ya uwezo wake. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe na halmashauri ya eneo husika. Fedha za namna hii tumezoea kuziona zikigeuka madarasa, madawati na zahanati. Ni vitu vya lazima, sivibezi. Ila darasa halijawahi kumsainia mtu daftari.

Posho ya mhandisi mhitimu mmoja kwa miaka mitatu, kodi na chakula cha Nachingwea au Ruangwa, haizidi gharama ya jengo dogo la shule. Wakiwekwa watano kwa mwaka, wavulana na wasichana, wakagawanywa kati ya mgodi, TARURA na RUWASA kwa makubaliano na ERB kuhusu wasimamizi, katika muda wa muongo mmoja wilaya hizi mbili zitakuwa na wahandisi wenye mihuri wa kujaza ukumbi. Baadhi yao watahamia Dar es Salaam au Muscat. Waende, watapokea simu za wadogo zao.

Mhitimu wa mwaka huu asingoje hayo yatimie. Ajisajili ERB kama mhandisi mhitimu mapema, maombi ni kwa mtandao. Atunze ripoti zake za PT, maana ndizo ushahidi pekee alionao wa kazi. Aombe kazi za serikali kupitia Ajira Portal kila tangazo linapotoka, lakini asikae akilingoja. Aende mwenyewe kwenye ofisi ya TARURA ya wilaya na barua mkononi. Akipata kazi, asilimia 15 ya mshahara itakwenda Bodi ya Mikopo, na kuna mdogo wake atakayesomeshwa na fedha hizo.

Na kwenu madiwani wa Nachingwea na Ruangwa: mpango wa uwajibikaji kwa jamii hauwezi kupita bila ninyi kuukubali. Kikao kijacho ukiletwa mezani, ulizeni umetenga nafasi ngapi za wahandisi wahitimu wa wilaya hizi na posho ya kila mmoja ni kiasi gani. Kama jibu ni sifuri, urudisheni ukaandikwe upya.